Wanakemia wa Kujitolea

Ninyi mliokusanyika darasani mbele ya redio, kiongozi wa darasa na ahakikishe kwamba kila mmoja ana kipande cha karatasi na kalamu, maana mwisho wa somo tutafanya hesabu kidogo. Si hesabu ngumu. Ni kuzidisha na kujumlisha tu, kama mlivyokwisha jifunza.

Leo nitawasimulia habari za watu wenye elimu kubwa waliofanya kazi kubwa bila mshahara, au kwa malipo madogo yasiyoweza kumlisha mtu. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika, kitu kimoja kimoja, habari za vitu vyote tunavyovishika na kuvitumia: chumvi, sabuni, chokaa, mafuta, mbolea, dawa, na sumu pia. Elimu ya kujua kila kitu kimefanyika kwa nini, na kikichanganywa na kingine hugeuka kuwa nini, huitwa kemia. Mtu aliyesoma elimu hiyo ni mwanakemia. Na kitabu kinachoeleza habari za vitu vingi kwa mpango, ili mtu atafute jina na kupata maelezo yake, tutakiita kamusi elezo. Kamusi ya kawaida hukupa maana ya neno. Kamusi elezo hukupa habari za kitu chenyewe.

Huenda mtu mmoja aliyeketi huko nyuma anauliza moyoni: Mwalimu, habari hizo zatuhusu nini sisi? Swali zuri. Nitalijibu kwa mfano.

Kuna vitu viwili vya majimaji vinavyofanana sana. Vyote ni vyeupe kama maji, vyote vyashika moto, na harufu zao zakaribiana. Kimoja huitwa ethanoli, nacho ndicho kileo kilichomo katika pombe. Cha pili huitwa metanoli, nacho hutumika viwandani. Metanoli kidogo ikinywewa hupofusha macho, ikizidi huua. Mwezi wa Mei 2014, nchini Kenya, makumi ya watu walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa metanoli, na wengine wakapoteza macho yao. Sasa tazameni majina hayo mawili: ethanoli, metanoli. Tofauti iko mwanzoni mwa neno tu. Fikirini basi kitabu kinachosomwa na mamilioni ya watu, na mwandishi mmoja aliyechoka, usiku, akaweka habari ya kitu kimoja chini ya jina la kingine. Nani atakayeliona kosa hilo? Na huyo atakayeliona, analipwa na nani? Hilo ndilo jambo la leo.

Twende sasa katika historia.

Zamani wanakemia walikuwa wachache, na mmoja aliweza kusoma karibu yote yaliyoandikwa na wenzake. Lakini katika karne ya 19 mambo yalibadilika, hasa katika Ujerumani, Ufaransa na Uingereza. Kila mwaka vitu vipya viligunduliwa, rangi mpya za nguo, dawa mpya, na kila mgunduzi aliandika habari zake katika jarida la nchi yake na kwa lugha yake. Ikawa mtu anaweza kufanya kazi miaka miwili, akifurahi kwamba amegundua jambo, kumbe mwenzake wa mji mwingine alikwisha ligundua na kuliandika zamani.

Alikuwako mwanakemia mmoja jina lake Friedrich Konrad Beilstein. Alizaliwa mwaka 1838 katika mji wa St. Petersburg nchini Urusi, akasoma Ujerumani, kisha akarudi kwao kuwa profesa. Bwana huyu alianza kuandika, kwa matumizi yake mwenyewe, orodha ya vitu vilivyojulikana katika tawi moja la kemia. Orodha ikakua. Kati ya 1881 na 1883 ikachapishwa vitabu viwili vyenye kurasa kama 2,200, kazi ya mtu mmoja. Wanakemia wakashangilia. Lakini kabla wino haujakauka vitu vipya vilikwisha gunduliwa, na ikampasa aandike tena. Chapa ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, na ya tatu ikamaliza kutoka mwaka 1899, kubwa zaidi. Hapo Beilstein alikuwa mzee wa miaka 60 na zaidi, na kazi ikachukuliwa na chama cha wanakemia wa Ujerumani. Mtu mmoja hawezi kukimbizana na dunia nzima. Yeye alijaribu kwa miaka ishirini, na mimi namheshimu kwa hilo.

Tuvuke bahari sasa, twende Marekani. Wanakemia wa Marekani walikuwa na lalamiko lao. Majarida ya Ulaya yaliyofupisha habari za kemia hayakuzijali sana kazi za Wamarekani. Aliyegundua jambo Marekani aliona jina lake halitajwi. Kwa hiyo mwaka 1907 chama chao, yaani Chama cha Kemia cha Marekani, kilianza jarida jipya lililoitwa Chemical Abstracts. Mhariri wake wa kwanza alikuwa William A. Noyes. Jarida hili halikuchapisha uvumbuzi mpya. Kazi yake ilikuwa kusoma majarida mengine yote ya kemia ulimwenguni, na kuandika muhtasari wa kila makala: ni nani ameandika, amegundua nini, na makala yapatikana wapi. Katika mwaka wa kwanza peke yake ilichapishwa mihtasari karibu 12,000.

Je, nani aliyeandika mihtasari yote hiyo? Hapa ndipo habari yetu inapoanza kunoga. Chama hakikuwa na fedha za kuajiri mamia ya wasomi. Basi wahariri wakaandika barua. Waliwaandikia walimu wa vyuo vikuu, na wanakemia wa viwandani, wakawaomba: Wewe wajua habari za sukari na wajua Kijerumani; tafadhali utusomee jarida hili kila linapotoka. Wewe wajua Kirusi, utusomee hili. Jarida lilitumwa kwa posta, mtu akalisoma jioni baada ya kazi yake, akaandika muhtasari, akaurudisha kwa posta. Malipo yalikuwa kidogo tu, kama kifuta jasho.

Mwaka 1909 ofisi ilihamia mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio, nako ndiko iliko hata leo. Tangu 1915 hata 1958, miaka 43, kazi iliongozwa na bwana mmoja jina lake E. J. Crane. Hebu fikirini kazi ya bwana huyu. Watu wake hawakuwa chini ya macho yake. Wengine hakuwaona maisha yake yote. Hakuweza kumfukuza mtu asiye na mshahara, wala kumtishia. Mmoja amechelewa, mwingine ameugua, wa tatu amepeleka muhtasari mrefu kuliko makala yenyewe. Maneno nayo yalikuwa ya namna nyingi, maana kitu kimoja kiliweza kuwa na majina matano au kumi, na kila msomi alipenda jina lake. Ofisi ya Columbus ilikaa katikati kama mwenye shughuli ya arusi siku ya mapishi: wapishi wote ni majirani waliokuja kusaidia, kila mmoja ana mkono wake wa kutia chumvi, na chakula hakina budi kiwe na ladha moja.

Siri ya Crane na wenzake, kwa maoni yangu, ilikuwa mambo mawili. La kwanza, hawakumpa mtu kazi ya jumla. Walimpa jarida lake, la somo lake, na kwa lugha aijuayo. Mtu akipewa shamba lenye mipaka hulilima. Ukimwambia tu "njoo utusaidie" atakuja siku moja, asionekane tena. La pili, walifanya wenyewe ile kazi ya kuchosha. Fahirisi, yaani ile orodha ya majina na kurasa inayomwezesha msomaji kupata anachotafuta, ilitengenezwa na watumishi wa ofisi wenye mshahara. Msomi aliachiwa kazi ambayo yeye peke yake aliiweza.

Katikati ya miaka ya 1960 watu hawa wa kujitolea walikuwa zaidi ya 3,000, wakiishi katika nchi nyingi. Lakini hapo ndipo walipofika kileleni. Makala za kemia zilizidi kuwa nyingi kila mwaka, na barua za posta hazikuweza kwenda mbio namna hiyo. Ofisi ikaongeza watumishi wa mshahara na kununua kompyuta, na watu wa kujitolea wakapungua mwaka hata mwaka, mpaka katika miaka ya 1990 utaratibu ule ukaisha kabisa.

Mwaka 1965 ofisi hiyo ilianza jambo lingine, nanyi mlishike vizuri maana tutarudi kwake. Kwa kuwa kitu kimoja kilikuwa na majina mengi, waliamua kukipa kila kitu namba yake, kama vile gari linavyopewa namba. Maji yana namba yake, chumvi ina yake, metanoli ina yake. Jina laweza kugeuka kwa lugha, lakini namba ni ile ile kwa Mjapani na kwa Mswahili. Leo vitu vilivyopewa namba vimepita milioni 200. Lakini orodha hii ya namba ilikuwa mali ya chama, na chuo kilichotaka kuitumia kilipaswa kulipa fedha nyingi. Vyuo vya nchi tajiri vililipa. Vyuo vingine vilitazama kwa mbali.

Sasa turuke mpaka mwaka 2000. Wakati huo intaneti ilikuwa imekwisha enea. Intaneti ni kule kuunganishwa kwa kompyuta za dunia nzima, hata anayeandika Nairobi asomwe Tokyo dakika ile ile. Kule California, Marekani, mfanyabiashara Jimmy Wales alitaka kutengeneza kamusi elezo ya bure ndani ya intaneti. Aliita jina lake Nupedia. Akamwajiri kijana aliyesomea falsafa, Larry Sanger, awe mhariri mkuu, na kazi kubwa ya Sanger ikawa kuwatafuta wasomi wa kujitolea.

Sanger alitaka kamusi ya kuaminika. Wahariri walitakiwa wawe wataalamu hasa, na wengi wao wenye shahada ya udaktari. Na kila makala ilipitia milango saba. Kwanza mwandishi alikubaliwa kupewa kazi. Kisha akatafutwa mkaguzi mkuu, mkaguzi akakagua, baadaye makala ikawekwa wazi ikaguliwe na wengine. Halafu lugha ikasahihishwa na mtu mmoja, ikasahihishwa tena hadharani, na mwisho ikaidhinishwa. Haya, ninyi niambieni: mwaka wa kwanza zilitoka makala ngapi? Elfu? Mia? Zilitoka kama 21 tu. Makala 21 kwa mwaka mzima! Hata ilipofungwa mwaka 2003, makala zilizokuwa zimekamilika hazikufika 30.

Tusiwacheke. Wasomi wale hawakuwa wavivu. Lakini mtu aliyejitolea ana kazi yake, ana watoto, ana mitihani ya wanafunzi wake ya kusahihisha. Akiandika makala leo, halafu akae miezi akingoja ipite mlango wa nne, moto wa moyo wake huzimika. Milango ile iliwekwa kuzuia makosa, nayo ikawazuia waandishi. Tazameni tofauti na Columbus: kule mtu alipeleka muhtasari wake kwa posta, kazi yake ikaisha, akashika mwingine.

Basi mwezi wa Januari 2001 Sanger na Wales wakajaribu njia nyingine. Bwana mmoja wa Marekani, Ward Cunningham, alikuwa amevumbua mwaka 1995 namna ya kurasa za kompyuta ambazo msomaji yeyote aweza kuzisahihisha papo hapo. Aliziita wiki, neno la watu wa Hawaii lenye maana ya upesi. (Msichanganye na wiki yetu ya siku saba, ni sauti tu zimelingana.) Kwa njia hiyo wakaanza kitabu kingine kando, kiwe kama shamba la kupandia miche ya Nupedia. Baadhi ya wasomi wa Nupedia hawakupenda. Walisema: Kitabu kinachoandikwa na yeyote apitaye njiani hakitachanganywa na chetu. Basi kikapewa jina lake mbali, Wikipedia, na kikafunguliwa tarehe 15 Januari 2001. Kabla ya mwezi wa pili kwisha makala zilipita 1,000, na mwisho wa mwaka zilikaribia 20,000. Mche ukawa mti, na shamba kubwa likafa.

Lakini zile hofu za wasomi hazikuwa za bure. Mwaka 2005 jarida la sayansi liitwalo Nature lilifanya jaribio. Walichukua makala za sayansi kutoka Wikipedia, na makala za mambo yale yale kutoka kamusi elezo kongwe ya Kiingereza, Encyclopaedia Britannica, wakawapa wataalamu wazipime bila kuambiwa ipi imetoka wapi. Jozi 42 zilipimwa. Katika Wikipedia yalionekana makosa 162, na katika Britannica makosa 123. Wenyewe Britannica walilipinga jaribio hilo kwa nguvu. Mimi nataka mwangalie makala moja tu, ile ya Mendeleev. Huyu ndiye Mrusi aliyetengeneza mwaka 1869 jedwali la elementi linalotundikwa katika kila chumba cha kemia shuleni. Makala yake katika Wikipedia ilikuwa na makosa 19. Katika Britannica makosa yalikuwa 8. Hata wenye mshahara hukosea, lakini 19 ni mengi mno kwa mtu mashuhuri namna hiyo.

Ikiwa mtu mashuhuri ameandikwa hivyo, je, zile makala elfu kadhaa za dawa na sumu? Wanakemia waliokuwa wakijitolea katika Wikipedia, wengi wao walimu wa vyuo vikuu na wanafunzi wao, walikuwa wamekwisha liona tatizo. Walijikusanya wakawa kundi. Waliamua kwamba kila makala ya kitu iwe na kisanduku kando ya maandishi, na ndani yake mambo yale yale kwa mpango ule ule: jina, alama zake, uzito, joto la kuyeyuka, hatari zake, na ile namba ya Columbus. Wakagawana kazi. Mmoja alichora picha za vitu vilivyoungana, mwingine alizikagua. Walikutana kwa kuandikiana katika kompyuta kwa saa maalumu, huyu Uingereza kwake usiku, yule Marekani kwake mchana.

Ikawa namba zinawasumbua. Zilinakiliwa huku na huku, na makosa yakanakiliwa pamoja nazo. Njia moja tu ya uhakika ilikuwako: kuzilinganisha na orodha ya wenyewe. Baadhi ya wanakemia hawa walikuwa na ruhusa ya kuingia katika orodha hiyo, kwa kuwa vyuo vyao vilikuwa vikilipia. Basi mwanzoni mwa mwaka 2008 wakauliza: Twaweza kuitumia kusahihisha namba za Wikipedia? Jibu likawa hapana. Mkataba wa vyuo, waliambiwa, hauruhusu kuitumia orodha kujenga orodha ya watu wengine.

Hapo pana jambo la kutafakari, ndugu zangu. Orodha ile ilijengwa juu ya kazi ya maelfu ya wasomi waliofanya kazi kwa kifuta jasho tangu 1907. Na sasa wasomi wengine wa kujitolea, wajukuu wa wale, walisimama nje ya uzio. Lakini tuseme na upande wa pili. Columbus kulikuwa na mamia ya watumishi wenye familia, na mishahara yao ilitokana na ada za orodha hiyo. Chama kilikuwa na hofu hiyo tangu zamani kidogo. Mwaka 2005 kilikuwa kimelalamika juu ya PubChem, orodha ya bure iliyotolewa mwaka 2004 na serikali ya Marekani. Siwezi kusema kwamba hofu hiyo ilikuwa ya kijinga. Anayelisha watu kwa kuuza maji hafurahi kuona kisima cha bure kikichimbwa jirani.

Wanakemia wa dunia walinung'unika, wakaandika, wakajadiliana. Na majuma machache tu baadaye jibu likageuka. Wenye orodha walisema watasaidia. Mwaka 2009 walifungua orodha ndogo ya bure, iitwayo Common Chemistry, yenye vitu kama 7,800, hasa vile vinavyojulikana na watu wengi na kutumiwa kila siku. Watu wa Wikipedia wakalinganisha namba moja moja. Penye usahihi wakaweka alama ya vema ya rangi ya kijani kando ya namba. Kisha wakatengeneza programu ya kompyuta iliyokaa macho usiku na mchana. Mtu alipobadili namba iliyokwisha thibitishwa, programu iliona na kutia alama. Mwaka 2021 orodha ile ya bure ilipanuliwa ikafikia vitu karibu 500,000.

Wakati ule ule Mwingereza mmoja, Antony Williams, alikuwa amefungua na wenzake wachache orodha yao ya bure, ChemSpider, mwaka 2007, kazi waliyoifanya baada ya saa za kazi. Nayo iliwaomba wanakemia wote waje wasahihishe. Mwaka 2009 chama cha wanakemia wa Uingereza kiliichukua kuiendesha.

Imebaki habari ya kuwapata wasomi wenyewe. Hili ni gumu hata leo. Profesa hupandishwa cheo kwa makala zenye jina lake, na katika Wikipedia jina halionekani juu ya makala. Tena aweza kuandika jambo ambalo amelisomea miaka thelathini, akaamka asubuhi akaona limefutwa na kijana asiyejulikana. Wengi walijaribu mara moja wakaondoka kwa hasira. Sanger mwenyewe alijiuzulu, na baadaye akaanzisha kamusi nyingine, Citizendium, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2007, ambamo kila mtu aliandika kwa jina lake halisi na wataalamu walikuwa na sauti kubwa zaidi. Ilipata heshima, lakini waandishi wake walipungua siku hata siku.

Njia iliyofaa zaidi, naona, ilikuwa ya walimu. Katika Chuo Kikuu cha Michigan mwalimu wa kemia aliwapa wanafunzi wake wa shahada za juu zoezi: badala ya kuandika insha itakayosomwa na mwalimu tu na kutupwa, wachague makala dhaifu ya kemia katika Wikipedia waitengeneze, nao wapewe maksi. Mwanafunzi alipata maksi, msomaji akapata makala nzuri, na mwalimu akaisoma kabla dunia haijaisoma. Hakuna aliyehitaji kuombwa mara mbili.

Na sisi Waswahili? Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, nayo huandikwa kwa njia ile ile ya kujitolea. Kwa upande wa maneno haikuanzia patupu. Mwaka 1990 wataalamu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na maneno kama oksijeni na kaboni yana mahali pake. Mengine hayakuhitaji kutungwa. Chuma, shaba, dhahabu, fedha, zote ni elementi zilizomo katika jedwali la Mendeleev, na babu zetu walizijua. Hata ile madini inayotiririka kama maji, wazee wa pwani waliiita zebaki kabla hawajasikia jina la kemia.

Haya, kalamu juu! Niliwaahidi hesabu. Namba ya maji katika orodha ya Columbus ni 7732-18-5. Ile tarakimu ya mwisho, tano, si sehemu ya jina. Ni mlinzi. Tuone anavyolinda. Ziandikeni zile nyingine: 7, 7, 3, 2, 1, 8. Anzeni kulia mwende kushoto. Nane mara moja ni 8. Moja mara mbili ni 2. Mbili mara tatu ni 6. Tatu mara nne ni 12. Saba mara tano ni 35. Saba mara sita ni 42. Jumlisheni. Mmepata 105? Vizuri. Tarakimu ya mwisho ya 105 ni 5, nayo ndiyo ile ya mlinzi. Namba ni salama.

Sasa tuseme mwandishi amechoka, amegeuza 18 kuwa 81. Ameandika 7732-81-5. Fanyeni tena. Moja mara moja ni 1, nane mara mbili ni 16, na zile nne za mwanzo hazikubadilika. Jumla ni 112. Mwisho wake ni 2, lakini mlinzi anasema 5. Kosa limeshikwa, na hapakuhitajika profesa.

Zoezi la nyumbani ni hili. Namba ya ethanoli ni 64-17, na ya metanoli ni 67-56, lakini nimewaficha walinzi wao. Watafuteni. Kisha mjaribu namba ya chumvi ya mezani, 7647-14-5, mnionyeshe kama imeandikwa sawasawa. Kiongozi wa darasa atakusanya karatasi kabla ya somo lijalo. Kwaherini.